Vipimo vya Mume Wangu

Bremen, 9 Februari 1975

Kwa mdogo wangu Kulthum,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, ila baridi ya huku mwaka huu imeingia hadi kwenye meno. Wasalimie wote hapo Makindye: Uthman, Jafar na wadogo zake. Nasikia Jafar sasa anavaa viatu vya baba yake. Mwambie shangazi yake kafurahi, na papo hapo kajiona mzee.

Kulthum, tangu tumzike baba yangu, mjomba wako, kule Jinja mwaka jana, kuna jambo linanikosesha usingizi. Watu walisema alikufa kwa tumbo. Babu yetu naye, tumbo. Baba yake Uthman, tumbo. Mimi nafanya kazi kwenye wodi ya hilo tumbo, na lina jina: saratani ya utumbo mkubwa. Hata wanawake tunaipata, lakini wanaume wa ukoo wetu ndio wanaokufa nayo kimya, kwa sababu mwanamume wa kwetu hawezi kutamka neno choo mbele ya mtu.

Huku kuna kipimo ambacho mtu anajifanyia nyumbani. Ni kadi za karatasi. Kwa siku tatu mtu anaacha nyama nyekundu, kisha kila akienda choo anachukua kidogo kwa kijiti na kupaka kwenye kadi. Baadaye unadondoshea dawa ya kichupa nilichoweka pamoja nazo. Karatasi ikibaki ilivyo, alhamdulillahi. Ikigeuka buluu, kuna damu ambayo macho hayaioni. Buluu si hukumu, hata bawasiri huleta buluu. Lakini ikitokea, lazima aonane na daktari.

Nimemtumia kaka yangu Maftah kadi zake, na hizi ni za Uthman. Nimemwandikia maelezo yote kwa mkono, kwa Kiswahili, asipate kisingizio. Mwenzangu anayerudi Nairobi atampa Bisimwa, yule Mkongomani wa vitenge, naye atawafikishia. Mhimize mumeo. Wewe ndiye unayekaa naye.

Dada yako,
Mwanawetu


Makindye, 30 Machi 1975

Kwa dada Mwanawetu,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Sabuni imekuwa kama dhahabu, sukari tunaisikia kwa majirani. Mvua zimeanza, na kule Katwe maji yameingia kwenye karakana ya Uthman hadi mafundi wanagonga mabati wakiwa wamesimama juu ya magogo. Lakini masanduku ya bati yananunuliwa. Siku hizi watu wengi wanataka sanduku. Sitasema kwa nini, maana barua zina wasomaji wengi.

Jafar ameshika nafasi ya pili darasani. Mdogo wake alikuwa na surua, amepona.

Mzigo umefika. Bisimwa alisimama mlangoni akasema, "Mama Jafar, hii ni ya mzee. Ule dada wa Ulaya alisema nimupatie mu mukono yake mwenyewe." Nikamwambia mkono wa mzee ndio huu wangu, akacheka, akanipa.

Ahsante kwa kahawa na ile shali. Kuhusu karatasi zako, Uthman hajambo. Anakula na anafanya kazi. Anakusalimu.

Mdogo wako,
Kulthum


Bremen, 2 Mei 1975

Kwa mdogo wangu Kulthum,

Salamu kwako na kwa watoto. Nimefurahi kusikia surua imepita. Jafar namtumia kalamu, na anayeshika nafasi ya pili aambiwe kwamba ya kwanza ipo.

Maftah ameniandikia kutoka Jinja. Amefanya kipimo, amelalamika kurasa mbili, na karatasi zake hazikubadilika. Nililia kwa furaha ndani ya tramu, watu wakahamia viti vya mbali nami.

Sasa Uthman. Umeniandikia kwamba hajambo. Sikuuliza kama hajambo, Kulthum. Baba naye alikuwa hajambo hadi mwezi aliokufa. Nauliza kama amefanya. Namjua Uthman, tangu utotoni akiumwa hujificha nyuma ya nyumba kama paka, akitoka amejipangusa uso na anatabasamu. Ukimwuliza atakwambia hana kitu. Usimkubali.

Umempa zile kadi?

Dada yako,
Mwanawetu


Makindye, 8 Juni 1975

Dada Mwanawetu,

Assalaam aleikum. Sisi tuko, mji unapakwa rangi kwa ajili ya wageni wa mkutano wa marais wa Afrika wa Julai, hata kuta zinazoanguka zimepakwa. Watoto wazima. Salamu zimekwisha.

Unasema unamjua Uthman. Ni kweli, ulimjua kabla yangu. Kila mtu katika ukoo huu anajua hilo, na hawakuniacha nisahau. Siku ya harusi yangu shangazi mmoja alinipaka hina huku akisema, "Basi, riziki ya Mwanawetu imekuwa yako." Nilikuwa bibi harusi, dada, na katika chumba changu mwenyewe jina lililotajwa lilikuwa lako. Alipokuposa nilibeba sinia la zawadi. Ukaondoka kwenda kusomea uuguzi, ukamwachia barua, na wazee wakaangalia huku na huku wakaniona mimi nimekaa jikoni. Sisi watatu ni wajukuu wa babu mmoja. Nani angesumbuka kwenda mbali?

Miaka kumi na mitatu sasa. Sijasema kwamba Uthman ni mume mbaya. Lakini barua yako ikifika, anaweka kijiko chini, anauliza, "Anasemaje?" Mimi nikimwambia jambo, husema, "Hm." Mwaka jana kwenye matanga ya mjomba mlikaa barazani nyinyi wawili mkazungumza, na mimi nikapika wali wa waombolezaji. Nilisikia akicheka. Kwenye matanga! Kwangu hajacheka hivyo tangu azaliwe kitinda mimba wetu.

Kuna wanawake wanaogundua barua za mahaba. Wewe umemwandikia mume wangu kuhusu choo chake, na hata hilo limeniuma. Nilifungua ile karatasi ya maelezo. "Uthman, usione haya, ni mimi." Ni mimi! Wewe nani? Asione haya mbele yako, na mbele yangu mimi ninayemfulia anaona haya?

Hapana, sikumpa. Kadi zako ziko chini ya kanga zangu, ndani ya sanduku alilonitengenezea yeye. Mume wangu ni mzima. Akihitaji kupimwa, nitampeleka mimi kwa Daktari Ojara hapa Kampala.

Na uniambie jambo moja. Unampenda bado?

Kulthum


Bremen, 10 Julai 1975

Kulthum,

Salamu kwa watoto.

Ndiyo, nilimwacha. Sikusukumwa, sikufukuzwa. Nilitaka kusoma, naye alitaka mke, hakuna aliyekosea. Ukitaka kunichukia kwa hilo, una haki, nichukie kwa raha zako. Andika kwa Maftah, sema kwa mashangazi, choma shali. Lakini mpe mwanamume huyo kadi zake. Chana maelezo yangu, mwambie umezipata kwenye zahanati, mwambie umeziokota njiani. Jina langu lisitajwe.

Unaniuliza jingine. Hilo silijibu.

Katika wodi yangu leo kuna mtu wa miaka arobaini na saba. Mkewe alitaka aende kupimwa mwaka jana, yeye akakataa. Mama huyo anakaa pembeni ya kitanda kila siku na hana wa kumlaumu ila yeye mgonjwa. Wewe usitafute kuwa na mtu wa kulaumu, mdogo wangu. Mtu huyo atakuwa wewe mwenyewe.

Mwanawetu


Makindye, 17 Agosti 1975

Dada Mwanawetu,

Assalaam aleikum. Watoto wazima na wanakusalimu. Barua yako ilichelewa, bahasha imefunguliwa ikabandikwa tena vibaya. Anayezisoma sasa anajua habari zetu zote za choo, Mungu amsamehe.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Niliisoma, nikaiweka, nikaendelea kumenya ndizi. Kisha wiki iliyofuata mafundi walimleta Uthman kutoka Katwe juu ya mkokoteni wa mabati. Alikuwa anainua sanduku, akakaa chini, hakuweza kusimama. Nilimtazama mchana mle uani, kwenye mwanga, kama mtu anayemtazama mgeni. Midomo imepauka. Ulimi mweupe. Mkanda wake umetobolewa tundu jipya, na alilitoboa mwenyewe kwa msumari wa karakana asiniambie. Ninafua nguo zake kila wiki, dada, na sikuona kwamba zinavaliwa na mtu mwingine mwembamba.

Nilifungua sanduku. Kadi nilimpa, na maelezo yako sikuyachana. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kusema ni za zahanati. Akaishika karatasi, hakusoma hata mstari mmoja, akasema, "Huu mwandiko wa Mwanawetu."

Miaka kumi na mitatu, akautambua kwa kuutupia jicho! Nilimwambia, "Ndiyo wake. Zimefika tangu Machi. Nilizificha."

Akanitazama. "Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Akasema, "Kulthum, wewe ni mjinga sana," kwa sauti ya chini, bila ukali. Kisha akasoma maelezo hadi mwisho, akaanza kucheka peke yake. "Kijiti! Yaani Wazungu wamefika mwezini, halafu wananiletea kijiti." Kuacha nyama halikuwa tatizo, nyama yenyewe iko wapi?

Akafanya siku zote tatu. Hakutaka nimsaidie. Siku ya mwisho aliniwekea kadi juu ya meza ya uani, akakaa mbali, akatazama ukuta. Nilidondosha dawa mimi. Nilikuwa nasoma Aya ya Kursiyyu. Karatasi ilikaa kimya kidogo, nikaanza kupumua, halafu buluu ikatoka pembeni ikatambaa, dada, kama wino uliomwagikia kitambaa. Kadi ya pili vilevile. Ya tatu sikutaka, akasema, "Dondosha." Buluu.

Nilikwenda kwa Daktari Ojara siku hiyohiyo. Mlango una kufuli. Jirani yake akaniambia kwa kunong'ona kwamba daktari amesafiri. Nikauliza amesafiri wapi. Akasema, "Nnyabo, mama yangu, amesafiri. Hakuchukua hata miwani yake." Nikaelewa, nikaondoka haraka. Nikampeleka Uthman hospitali kubwa; daktari kijana aliyempima alisema kwa kidole anagusa kitu, lakini mpasuaji wa mambo hayo amekimbia nchi, nyuzi za kushonea hakuna, damu ya kuongeza hakuna. Alituambia ukweli, nikamshukuru.

Nimekosa. Sitaki useme kwamba sijakosa. Niambie nifanye nini.

Kulthum


Bremen, 30 Agosti 1975

Kulthum mdogo wangu,

Salamu kwa wote, kwa haraka. Hii anaileta rubani wa Kijerumani hadi Nairobi, kisha Bisimwa.

Mlete Nairobi. Nimezungumza na mpasuaji mmoja huko aliyefundishwa na daktari mkuu wa wodi yangu, atampokea mwezi ujao. Nimeomba likizo yangu yote, nitakuwa Pumwani kwa mama mdogo Perpétue, mjane wa ami yangu, mwenye nyumba karibu na msikiti. Njooni wawili kama inawezekana.

Kama haiwezekani, najua ninachokuomba.

Kuchelewa ni kuchelewa, na lawama tutagawana siku nyingine. Uvimbe mwingine hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Tuombe huu uwe mmojawapo.

Mwanawetu


Makindye, 14 Septemba 1975

Dada Mwanawetu,

Assalaam aleikum. Barua hii iko mfukoni mwa Uthman, na aliyeibeba ndiye habari yenyewe.

Mimi siji. Tukifunga milango yote miwili, wa karakana na wa nyumba, mtu mwenye sare atakuja kuifungua kwa niaba yetu, na hatutaipata tena. Umeona jinsi duka la jirani yetu lilivyopata mwenyewe mpya. Basi mmoja anakwenda na mmoja anakaa. Nampeleka stesheni na Bisimwa, wanapanda treni pamoja.

Hali pilipili siku hizi. Chai yake iwe na maziwa kidogo. Hulala upande wa kulia, na ukimwamsha ghafla hukasirika. Najua yote haya ulikuwa hujui, kwa sababu hujawahi kumwamsha.

Nimemfungia kanzu mbili na shuka. Na aoshwe wanavyooshwa wagonjwa hospitalini, lakini anayemwosha asiwe wewe. Nakuomba. Nimekupa mume wangu mzima, yaani mgonjwa. Hilo moja niachie.

Kulthum


Pumwani, Nairobi, 19 Oktoba 1975

Kwa mdogo wangu Kulthum,

Assalaam aleikum. Mama mdogo Perpétue anakusalimu, anasema umepata mume mstaarabu ila mchache wa maneno. Telegramu yangu nadhani umeipata: YU HAI. Sasa nikueleze.

Walimpasua tarehe mbili. Ulikuwa uvimbe, chini kabisa ya utumbo, na ulikuwa saratani. Lakini mpasuaji anasema haujatoboa ukuta wala kupanda kwenye ini, kwa kadiri macho yake yalivyoona. Umetoka wote. Hakuna daktari mwaminifu atakayekuapia kwamba hautarudi. Ila ungekaa hadi mwaka ujao, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Kuna jambo ambalo lazima ulijue kabla hajafika. Mahali ulipokuwa uvimbe, haikuwezekana kuunganisha tena. Wamemtolea njia ya haja kubwa ubavuni, upande wa kushoto wa kitovu, na inapokelewa na mfuko. Ni ya maisha yote. Alipoelezwa aligeukia ukuta hadi jioni.

Sasa nikuambie jingine, ambalo sikulazimika kukuambia. Uliniomba nisimwoshe. Sikuahidi. Mimi ni muuguzi, nimeosha wanaume mia, na nilijiambia ni kazi. Si kweli. Nilikuja Nairobi nikiwa na kitu moyoni. Nilidhani akiwa hoi atanihitaji, na mimi nitaona nilichokiacha kina thamani gani. Nikaingia na beseni na mfuko mpya. Akavuta shuka hadi kidevuni. "Mwite mwingine," akasema.

"Uthman, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana. Mwite mwingine."

Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya muuguzi, "Na Kulthum je? Yeye utamwonyesha?"

Akafikiri. "Kulthum atagombana nami wiki nzima," akasema. "Lakini hatageuza uso."

Akaja Oloo, kijana muuguzi wa wodi ile, akamfundisha kubadilisha mfuko. Mimi nikakaa kwenye korido na beseni langu. Mtu humwonea haya mgeni, Kulthum. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikikuonea wivu wewe uliyechukua nafasi yangu, na nikajifariji kwamba kiti bado kina umbo langu. Hakina.

Uliniuliza swali mwezi wa Juni. Hilo ndilo jibu.

Anatoka wiki ijayo, Bisimwa atamsindikiza. Nimempa mifuko ya miezi mitatu, mingine nitatuma. Kila miezi sita aonwe na daktari. Mimi narudi Bremen.

Mwanawetu


Makindye, 7 Desemba 1975

Kwa dada yangu Mwanawetu,

Assalaam aleikum warahmatullah. Tuko salama, na safari hii nasema salama nikimaanisha. Jafar amemaliza mwaka, ya pili tena, anasema wa kwanza ni mtoto wa mwalimu. Karakana inafanya kazi. Uthman anakaa kwenye kigoda na kuelekeza, mafundi wanamwogopa zaidi akiwa amekaa.

Alifika amekonda lakini midomo ina rangi. Siku ya kwanza alijifungia chooni na vile vifaa vyake hadi watoto wakaanza kugonga. Nilimsikia akihangaika, kitu kikaanguka, akatukana kwa Kiganda. Nikasukuma mlango. Akageuka ukutani, ameshika shati juu, akanifokea nitoke. Nami nikamfokea. Nikamwambia nimezaa watoto wanne mbele ya mkunga, bibi yake Uthman na jirani mmoja aliyekuja kuazima chumvi, na yeye anaficha ubavu? Tukagombana kweli, majirani wakaja dirishani.

Halafu nikatazama. Sitasema haikunishtua. Ni nyekundu, kama mdomo mdogo. Nilisimama pale, na nikajua kwamba akiniona nimegeuza uso hata kidogo, hatanionyesha tena mpaka tufe. Sikugeuza. Nikachukua kitambaa.

Sasa ni kazi yangu, asubuhi na jioni, ijapokuwa anaweza mwenyewe. Namwekea beseni, tunakaa chumbani, na ajabu ni kwamba huko ndiko anakozungumza. Ameniambia habari za baba yake alivyokufa, ambazo sikuwahi kuzisikia. Ameniambia aliogopa. Juzi nikiwa nampangusa, nikaona bora nimalize jambo lililokuwa likiniwasha tangu hina ya harusi. Nikamwuliza, "Mwanawetu ulimpenda?"

"Nilimpenda," akasema. Hakuzunguka.

"Na sasa?"

Akanitazama kama anavyomtazama fundi aliyeacha kazi katikati ili aulize saa ya chakula. "Kulthum," akasema, "maji yanapoa."

Nikaendelea kupangusa. Nilikuwa natabasamu, lakini nilikuwa nimeinamisha kichwa, hakuona.

Dada, wewe umemrudisha mume wangu hai, na mimi karibu nimzike ndani ya sanduku la kanga. Najua hivyo kila ninapoamka. Barua yako ya Pumwani nimeisoma mara nyingi, na sikuichukulia kama ushindi. Sikujua kwamba nawe ulikuwa ukiumwa na hicho hicho.

Uthman anasema tukualike Idi. Nimekataa. Nakupenda, na nikikuona umekaa barazani kwangu, nikasikia amecheka, sijui moyo wangu utafanya nini. Bado ni moyo uleule. Usije bado. Nipe kwanza mwaka mmoja nikushukuru kwa mbali.

Mdogo wako,
Kulthum